Mbwa na Habari Zake: Namna ya Kumwacha Mbwa kwa Jirani Tusafiripo

Katika mazungumzo ya leo twapenda kusema juu ya jambo ambalo watu wengi huliona dogo, hata halipiti mioyoni mwao mpaka asubuhi ya safari. Jambo lenyewe ni hili: mtu mwenye mbwa anapokwenda likizo, au kuwatazama wazee wake, au kuhudhuria matanga, mbwa wake atamwacha kwa nani, na kwa namna gani?

Labda yuko atakayecheka na kusema, "Walimu hawa wamekosa la kusema leo. Mbwa ni mbwa. Mtupie mfupa, mambo yamekwisha." Sisi nasi tuliwahi kusema hivyo. Sasa hatusemi tena, na sababu yake tutawaeleza, ingawa kuieleza kwatutia haya kidogo.

Miaka kadha iliyopita, shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, tulifunga safari na watoto wetu kwenda kwa wazazi, mwendo wa siku mbili kwa basi. Mbwa hapandi basi pamoja na abiria. Basi mbwa wetu, jina lake Simba, tulimpeleka kwa mzee mmoja jirani yetu, mtu mpole, mfugaji wa mbuzi, akaaye nyuma ya chuo. Tulimpa unga debe moja na fedha za dagaa, tukamwambia, "Mzee wetu, tutunzie mbwa huyu mpaka turudi." Mzee akasema, "Haya, Mwalimu, nendeni salama." Tukafunga mlango, tukaenda kuwahi basi. Maagano yetu yote yalikuwa hayo.

Simba alikuwa na tabia zake, ambazo sisi tulizijua sana hata tukasahau kwamba mtu mwingine hazijui. Akisikia radi hutetemeka na kutafuta mahali pa kujificha. Nyumbani tulikuwa tukimfungulia jikoni. Tena hapendi kuguswa alapo. Mambo haya mawili hatukuyasema. Kadi yake ya chanjo tulikuwa nayo, lakini ilikuwa ndani ya kabati, na ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwetu. Na katika kijiji tulichokwenda simu hazikushika mtandao.

Usiku wa tatu ilinyesha mvua kubwa yenye radi. Simba akakata kamba, akapotea. Mzee na wajukuu wake walimtafuta siku tano, wakipita vichochoroni na mashambani na kuliita jina lake. Siku ya sita akarudi mwenyewe, amekonda, na sikio lake limeraruliwa na mbwa wengine. Mjukuu mmoja, mtoto wa miaka minane, alipomwona amerudi alifurahi, akampelekea ugali, akainama kumpapasa huku mbwa anakula. Simba akamwuma mkono.

Basi itazameni taabu iliyompata mzee yule. Mbwa aliyepotea siku tano, mwenye jeraha la meno ya mbwa asiyejulikana, amemwuma mtoto. Je, amechanjwa? Mzee hajui. Alichanjwa lini? Hajui. Mwenyewe yuko wapi? Simu haipati. Mzee hakungoja. Alimwosha mtoto jeraha kwa maji na sabuni, akamchukua hospitali, na waganga wakaanza kumdunga sindano siku ile ile. Lakini sindano hizo haziishi kwa siku moja. Ilimpasa kumrudisha tena na tena, na kila safari ni nauli. Mzee akauza mbuzi wawili.

Tuliporudi tulimkuta Simba amefungwa, yu mzima. Mtoto naye alikuwa mzima, mkono umefungwa kitambaa. Tuliamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba," kisha akanyamaza kitambo. Mwisho akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Mwalimu, uliniachia mbwa, habari zake ukaondoka nazo."

Nauli tulizilipa, na thamani ya mbuzi tukairudisha. Lakini zile siku ambazo mzee alilala macho akimtazama mjukuu wake na kufikiri habari za kifo, hatukuwa na cha kuzilipia. Ndiyo sababu leo twasema nanyi. Mtu amwachaye mbwa kwa mwenziwe huweka amana mbili: mbwa, na habari za mbwa. Akiweka ya kwanza bila ya pili, amemtwika mwenziwe mzigo asioujua.

AONAVYO MBWA BWANA WAKE ANAPOONDOKA

Kwanza yafaa tujue mbwa hupatwa na nini watu wake wanapokwenda zao. Mbuzi ukimhamishia zizi jingine, akipata majani na wenziwe, hutulia. Mbwa sivyo. Yeye ndiye mnyama wa kwanza kufugwa na wanadamu, naye amekuwa pamoja nasi kwa zaidi ya miaka 14,000. Kwa hiyo makao yake hasa si banda wala uwanja, bali ni watu.

Jambo hili limejulikana tangu zamani. Katika utenzi wa Odyssey wa mshairi Homer, Myunani wa kale, imo habari ya mbwa aitwaye Argos. Bwana wake, Odysseus, alikwenda vitani, asirudi kwao mpaka mwaka wa ishirini. Watumishi waliachiwa nyumba na vyote vilivyomo, lakini bwana hayupo, na kazi isiyo na msimamizi hulegea. Odysseus aliporudi, amejigeuza kama maskini mwombaji, alimkuta Argos amelala juu ya rundo la samadi mlangoni, amejaa wadudu. Hakuna mtu aliyemtambua Odysseus, ila mbwa yule. Akatikisa mkia, akalaza masikio, asiweze kuinuka. Na baada ya kumwona bwana wake akafa. Odysseus akajificha uso ili wasimwone akifuta chozi.

Hiyo ni hadithi. Lakini liko jambo la kweli lililotokea Japani. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Tokyo, jina lake Ueno, alikuwa na mbwa aitwaye Hachiko, ambaye alizoea kwenda kumlaki katika stesheni ya Shibuya. Mwezi wa Mei mwaka 1925 profesa alifariki ghafula akiwa kazini. Hachiko akapelekwa kwa watu wengine wamlee, lakini alikuwa akitoroka na kurudi. Akawa akienda stesheni saa za treni kumtazamia bwana wake, kwa muda wa karibu miaka kumi, mpaka alipokufa mwezi wa Machi 1935. Sanamu yake ipo pale stesheni mpaka leo.

Wataalamu nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 2011 huko Sweden walitoa matokeo ya kuwatazama mbwa walioachwa nyumbani peke yao. Waliona kwamba mbwa aliyeachwa saa mbili humlaki bwana wake kwa furaha na nguvu zaidi kuliko aliyeachwa nusu saa. Maana yake mbwa huona tofauti ya kuachwa kidogo na kuachwa sana.

Haya yatufundisha kwamba mbwa hajui neno likizo. Hajui kuwa utarudi baada ya majuma mawili. Ajualo ni kwamba watu wake hawapo, na harufu ya mahali hapa si ya kwao. Wengine hukataa chakula siku moja au mbili. Wengine hulia usiku. Wengine huguguna kamba na kwenda kuwatafuta wenyewe. Na mbwa atafutaye watu wake njiani hukutana na magari, na mawe ya watu, na mbwa wengine. Huko ndiko hatari kubwa iliko.

KICHAA CHA MBWA

Hatari hiyo ni kichaa cha mbwa. Huletwa na kirusi kikaacho katika mate ya mnyama mgonjwa, nacho huingia mwilini kwa njia ya jeraha, kikafuata mishipa ya fahamu mpaka kufika kwenye ubongo. Safari hiyo yaweza kuwa ya juma moja au ya mwaka mzima, lakini mara nyingi ni miezi miwili au mitatu. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia. Na watu mia wakiambukizwa, tisini na tisa kati yao wameambukizwa na mbwa. Watoto ndio waumwao sana, maana ndio wachezao na mbwa.

Walakini ugonjwa huu wazuilika. Tarehe 6 Julai 1885, Mfaransa Louis Pasteur alimdunga dawa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa siku mbili kabla yake, na mtoto akaishi. Tangu siku zile dawa imetengenezwa vizuri zaidi. Mtu akiumwa, kwanza jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15 bila kupunguza; kisha aende hospitali siku ile ile, wala asitie majani wala mafuta wala pilipili. Aonyeshwapo tarehe za kurudi kwa sindano, azishike zote.

Na mbwa aliyeuma, ikiwa aweza kushikwa bila hatari, afungwe peke yake na kutazamwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, yajulikana kwamba siku ile alipouma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Mtoto aliyeumwa asingojeshwe siku hizo kumi. Sindano huanza mara moja, nazo zaweza kusimamishwa baadaye daktari akiona vema.

Basi mwenye kutaka kusafiri na ahakikishe kwanza mbwa wake amechanjwa. Mbwa huchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka, kama bwana mifugo aelekezavyo. Tena asingoje mkesha wa safari, kwa sababu mbwa achanjwaye mara ya kwanza huhitaji kama mwezi mmoja mpaka kinga yake ipate nguvu. Tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa duniani kuwa siku ya kupiga vita kichaa cha mbwa, na mahali pengi chanjo hutolewa bure wakati huo. Mwenye safari ya Desemba akimpeleka mbwa wake siku ile, atakuwa amewahi.

KUMCHAGUA MTUNZAJI

Sasa tumtafute mtu wa kumwachia. Watu wengi hutazama nani yuko karibu. Kuwa karibu ni jambo jema, lakini halitoshi. Mtazame mtu huyo kwa mambo matatu. Je, ana wanyama wake, na wanyama hao wanaonekanaje? Je, atakuwapo nyumbani siku zote hizo, au naye ana safari? Na je, amekubali kwa moyo, au ameona haya kukukatalia?

Neno hili la mwisho tulishike sana. Katika pwani yetu, na kila mahali tukaapo pamoja na Waislamu, tukumbuke kwamba wengi wao hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba mbwa yapasa kioshwe mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Si adabu kumshurutisha jirani wa namna hiyo kwa sababu tu ni mpole. Akikubali mwenyewe kumlisha, basi mpelekee mbwa pamoja na bakuli lake na chombo chake cha maji, usimtie katika mashaka ya kutumia vyombo vya nyumbani mwake.

Tena usimwachie mtoto peke yake kazi hii. Mtoto aweza kusaidia, lakini awepo mtu mzima aliyeyasikia maagizo yote. Katika miji mikubwa kama Nairobi zipo nyumba zitunzazo mbwa kwa malipo. Huko nako nenda kapatazame kwanza kwa macho yako: pana kivuli? pana maji? mbwa wagonjwa hutengwa? Nao wenye nyumba wasipokuuliza kadi ya chanjo, ondoka na mbwa wako; kwa kuwa wasiokuuliza wewe hawakuwauliza wengine pia.

Kama yawezekana, mbwa na abaki nyumbani kwake, mtunzaji aje kumtazama asubuhi na jioni, au alale huko huko. Mbwa huona amani mahali penye harufu aliyoizoea. Kama haiwezekani, mpeleke kwa mtunzaji mara mbili tatu kabla ya safari, mkae pamoja saa moja, mtunzaji ampe chakula kwa mkono wake, kisha mrudi nyumbani. Siku ya safari mwachie gunia alilozoea kulalia. Harufu ya nyumbani imo ndani yake.

HABARI ZA KUACHA PAMOJA NA MBWA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi chukua karatasi uandike, hata kama mtunzaji hajui kusoma. Nyumbani mwake hapakosi mwanafunzi.

Andika kwanza chakula: hula nini, kiasi gani, saa ngapi. Acha chakula kile kile alichozoea, maana kubadilisha ghafula huleta kuhara. Mweleze mtunzaji asimpe makombo ya mchuzi wenye vitunguu vingi, kwa sababu vitunguu huharibu damu ya mbwa. Wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha kali na kumchoma ndani. Tena asimpe mapafu wala maini mabichi yenye vifuko vya maji. Ndani ya vifuko hivyo zimo mbegu za tegu mdogo ambaye hukua tumboni mwa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza kwa mikono isiyonawiwa, huota vifuko kama vile katika ini lake au mapafu yake. Ndugu zetu wa Turkana, kaskazini ya Kenya, wameteswa sana na ugonjwa huo.

Pili, maji. Mbwa wa kilo 15 huhitaji kadiri ya lita moja kwa siku, na zaidi wakati wa jua. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu, ila kidogo katika nyayo. Hujipoza kwa kuhema ulimi nje. Kwa hiyo mbwa aliyefungwa juani bila maji aweza kufa katika mchana mmoja tu.

Tatu, namna ya kumfunga. Ukanda wa shingo uwe wa kupenyeza vidole viwili. Mnyororo uwe mrefu wa kutosha kumfikisha kivulini na majini, lakini usifungwe karibu na ua au ukuta mfupi, asije akaruka upande wa pili akajinyonga. Na kila siku afunguliwe, atembezwe kwa kamba. Majuma mawili ya kwanza asiachwe huru, hata akionekana mtulivu.

Nne, tabia zake: aogopa nini, hapendi nini, huitwaje, alishauma au la. Usione haya kuzisema kasoro za mbwa wako. Kasoro uifichayo leo ndiyo itakayomdhuru mtoto wa mwenzio kesho.

Tano, dalili za ugonjwa. Mtunzaji ajue kuwa akiona mbwa hali siku mbili, au fizi zimekuwa nyeupe, au mkojo ni mwekundu, labda ni homa ya kupe. Penye mbung'o, jicho likiingia utando mweupe na mbwa akikonda, labda ni nagana. Hayo ni ya bwana mifugo, si ya kungoja. Na akiona mbwa amegeuka tabia, atoka udenda mwingi, hawezi kumeza, auma vijiti na mawe, au miguu imelegea, asimguse kabisa. Awaondoe watoto, aite msaada.

Mwisho, fedha, kadi ya chanjo, na nambari za simu, ya kwako na ya mtu mwingine aliye karibu aliyepewa ruhusa ya kuamua.

WARAKA

Mwaka uliofuata tulikuwa na safari tena. Tulimwendea mzee yule yule. Hatukujua kama angekubali, na kama angekataa tusingekuwa na la kusema. Tulikwenda majuma matatu kabla ya siku, tukiwa na Simba, na waraka huu mkononi:

"Kwa Mzee wetu. Shikamoo. Huyu ni Simba, dume, umri miaka mitano. Twaondoka Jumamosi, na tukijaliwa tutarudi siku ya kumi na tano. Hula asubuhi na jioni, ugali bakuli lake moja na dagaa konzi moja. Maji yawe karibu naye mchana na usiku. Aogopa radi, wingu likitanda, tafadhali mwingize ndani. Asiguswe alapo. Watoto wasimpelekee chakula. Amechanjwa mwezi wa Septemba, na kadi yake ni hii. Bwana mifugo ni yule akaaye karibu na josho, tumekwisha kumwambia. Akiugua, mwite, usingoje ruhusa yetu. Fedha hizi ni za chakula, hizi ni za dawa na nauli, na hizi ni za jasho lako. Nambari yetu ni hii. Isiposhika, piga hii ya mwenzetu aliye hapa chuoni, ambaye pia ana ufunguo wa nyumba. Akipotea au akifa, tuambie siku ile ile. Hatutakulaumu."

Mzee hajui kusoma. Alimwita mjukuu wake, yule aliyeumwa, ambaye sasa alikuwa darasa la tatu, naye akausoma waraka kwa sauti, polepole, akiweka kidole juu ya kila neno. Alipofika pale pasemapo watoto wasimpelekee chakula alinyamaza kidogo, akautazama mkono wake, kisha akaendelea mpaka mwisho. Mzee akasema, "Soma tena." Akasoma mara ya pili. Ndipo mzee akaichukua kamba ya mbwa mkononi mwetu.

WAJIBU WA MTUNZAJI, NA WA ARUDIYE

Tumesema sana juu ya mwenye mbwa. Mtunzaji naye ana wajibu wake. Akisha kusema "haya," mbwa yule ni amana mikononi mwake. Asimgeuze mlinzi wa shamba la mbali, wala asimchukue mawindoni, wala asimpe mtu mwingine bila kumwarifu mwenyewe. Likitokea baya aseme kweli mapema, maana habari mbaya iliyokawia huzaa nyingine. Huko Tanzania iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo yakataza kumtesa mnyama. Na kumwacha mbwa amefungwa bila chakula wala maji ni kumtesa, awe wako au wa kuachiwa.

Nawe urudipo, usipokee kamba na kwenda zako. Keti. Uliza mbwa alilala vipi, alikula vipi, aliuma mtu au aliumwa. Akiwa ameumwa na mbwa mwingine, hata kama amechanjwa, mpeleke kwa bwana mifugo. Hesabu fedha zilizotumika, ulipe zilizopungua. Wala usishangae mbwa akikufuata kila uendako siku chache. Anahakikisha kwamba hutaondoka tena.

Basi, wasikilizaji wetu, mkifunga mizigo yenu likizo ijayo, kabla ya kuufunga mlango jiulizeni maneno ya mzee yule. Mbwa twamwacha, je, habari zake zimebaki naye, au twaondoka nazo?

Kwaherini, na safari njema.